Mikorosho ya Bi Mejumaa

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Sijui nani kati yenu aliona kwamba mtu aliyestaafu ana haja ya kujua saa, lakini nimeitundika sebuleni na inatembea vizuri. Mlinisihi pia niwaandikie ninayoyajua kuhusu wagonjwa wa chafya, macho mekundu na pumu, wale wanaojaa barazani kwetu kila mwaka mikorosho inapotoa maua. Mwanzo nilikataa. Kila nikianza kuiwaza kazi hiyo, mawazo yananipeleka kwa mtoto mmoja, na huko sipendi kufika. Lakini msimu unakaribia tena, na ninyi ndio mtakaokikalia kile kiti. Kwa hiyo nitaandika, na nitafika huko pia.

Mimi ni Mkamba wa kuzaliwa huku. Wazazi wangu walipata shamba kwenye ardhi ya makazi upande wa Shimba Hills, wakalima mahindi na machungwa, wakatuzaa, wakazikwa huko huko. Nyumbani tulisema Kikamba, na nje tulisema Kiswahili cha wenyeji. Nilipopelekwa zahanati yetu hii, kusini ya Msambweni, akina mama walishangaa kwamba Sista Mueni anajua kuamkia watu wazima na hakati maneno kama watu wa bara. Walidhani nimefundishwa chuoni. Chuoni hatukufundishwa kuamkia mtu yeyote.

Nilifika mwezi wa Agosti, viatu vyeupe vikiwa vipya na vinanibana. Aliyenipokea ni Bi Mwaka, muuguzi mkuu, mtu wa Waa, mfupi, mwenye sauti ya chini. Alijifunga leso juu ya sare yake, na hakuna mkaguzi aliyethubutu kumwambia aivue. Foleni ilikuwa imeshatoka nje ya mlango na karibu kila mtu alikuwa anapiga chafya. Nilikuwa nataka kuandika "mafua" kwenye kadi ya mgonjwa wa kwanza, Bi Mwaka akaniondolea kalamu mkononi, akanipeleka dirishani. Aliniuliza nje kuna nini. Nikasema kuna miti. Akauliza ni miti gani, na leo inafanya nini.

Hakusubiri jibu. Alinionyesha mikorosho ya majirani, imejaa maua madogo mekundu, na bwana mmoja aliyebeba mashine mgongoni anaipulizia unga wa salfa. Unga huo hupulizwa alfajiri, umande ungali juu ya maua, ili ugonjwa wa ukungu mweupe usiyaharibu. Upepo unapoanza, salfa na vumbi la maua huondoka pamoja na kuingia madirishani. Bi Mwaka alisema mafua huja na homa na mwili kuuma, yakaondoka baada ya siku chache. Mzio hauna homa, ila unawasha. Uliza pua inawasha, macho yanawasha, kaakaa linawasha. Makamasi yawe ya maji matupu. Mtazame mtoto anavyojifuta pua kwa kiganja kutoka chini kwenda juu, mpaka ngozi ya pua inafanya mstari. Ukiuona mstari huo, umeshapata nusu ya maelezo bila kuuliza. Halafu uliza analala wapi, anaamkaje, na jirani ameanza kufanya nini.

Hatukuwa na kipimo cha kutuambia kama kinachomsumbua mtu ni maua, salfa, majani yaliyooza baada ya masika, au makuti ya zamani yaliyo juu ya kitanda chake. Hata leo hamna. Tuliuliza, tukakisia, tukangoja mwaka wa pili tuone kama tumekisia vizuri.

Kuhusu dawa nitasema machache, maana nyingine mnazijua kunishinda. Vile vidonge vidogo vya manjano vya kukata chafya vinalaza usingizi, na mgonjwa ukimwambia anaitikia tu. Dereva mmoja wa bodaboda wa Ukunda alimeza viwili asubuhi, akaja kuzinduka mtaroni. Abiria wake, mwalimu wa madrasa, alikuwa amekaa pembeni mzima, anavuta uradi wa shukrani. Siku hizi mna vidonge visivyolaza. Wapeni hivyo, na vya manjano viacheni kwa anayekwenda kulala.

Kuna wengine dawa yao ni kitambaa. Alikuja kijana kutoka bara, mtunza bustani wa hoteli moja Diani, macho yamevimba. Akaniambia, "Sista, hii pua imenikataa. Nikishika tu ile mashine ya nyasi inaanza kumwaga maji, na supervisor anadhani nimekunywa." Nikamwambia ajifunge kitambaa chenye unyevu puani na mdomoni anapokata nyasi, na akimaliza aoge kabla ya kukaa. Alirudi amepona, ila akalalamika kwamba sasa wageni wanadhani ni mwizi. Nilimwambia achague moja.

Wagonjwa wa kifua ndio wazito. Mzio unaoanzia puani hushuka kifuani kwa baadhi ya watu, ukawa pumu, na hapo hakuna mzaha. Inhela ya buluu hufungua kifua kilichobana. Ile ya kahawia haifungui kitu. Kazi yake ni kukituliza kifua kisibane, kila siku, mgonjwa akiwa mzima. Hapa ndipo watu wanapotushinda. Kumpa dawa mtu anayeugua ni rahisi. Kumpa mtu anayecheza mpira ni kazi kubwa. Anzeni ya kahawia mapema, masika yanapokatika, msingojee maua, na mwambieni mgonjwa asukutue akishavuta.

Mtoto hawezi kuvuta inhela peke yake. Bi Mwaka alichukua chupa ya soda ya plastiki, akapasha waya jikoni, akachoma tundu kwenye kitako cha chupa kwa umbo la mdomo wa inhela. Inhela inakaa kwenye tundu, mtoto anaweka midomo kwenye shingo ya chupa na kupumua taratibu. Chupa huoshwa kwa sabuni, ikaachwa ikauke yenyewe, isifutwe ndani. Nilichoma vidole mara nyingi kabla sijaiweza kazi hiyo. Bi Mwaka alipostaafu aliniachia ule waya, na sasa umo kwenye droo yenu.

Sasa Riziki.

Aliletwa na babake, Hamadi, mkulima wa kijiji cha nyuma ya zahanati, miaka michache kabla sijastaafu. Alikuwa darasa la pili, mwembamba, na mstari wa pua ulionekana tangu mlangoni. Kila mwaka, Julai ikiingia, alianza kwa chafya na kujikuna macho, na kabla ya Agosti kwisha alikuwa anakaa kitandani amejiinamia, hawezi kulala chali. Nilimtengenezea chupa. Akaomba kalamu, akaichora macho mawili na mdomo unaocheka. Tangu siku ile, akipita kwenda shule huchungulia dirishani kwangu kunipa habari: "Sista, leo wanapuliza kwa kina Omari. Fungeni madirisha." Nilimpenda, sina haja ya kulificha. Wangu wamekuwa wakubwa, na yule alinifanya nifurahie kufika kazini mapema.

Nikaenda nyumbani kwao nione anapolala. Nyuma ya nyumba palikuwa na mikorosho mitatu mikubwa, matawi yake yamelalia makuti ya chumba cha mtoto. Nikamuuliza Hamadi kwa nini asiyapunguze. Akatabasamu kwa haya, akasema shamba ni lake lakini mikorosho si yake. Ninyi mliotoka mbali lazima mlijue hili, kwa kuwa mtalikuta kila mahali. Huku kwetu ardhi ni ya mmoja na mti unaweza kuwa wa mwingine. Baba yao alipokufa, ardhi ilikwenda kwa Hamadi, na mikorosho hiyo aliachiwa dada yake Hamadi, Bi Mejumaa, mjane aliyekuwa akiishi kwenye kijumba cha pembeni ya uwanja ule ule. Korosho za miti hiyo ndizo zilizomlisha. Hamadi hakuwa na ruhusa ya kukata hata tawi, na asingeweza kumwomba dada yake jambo kama hilo. Ni kumwomba chakula alicho nacho mdomoni.

Niliomba mimi. Nilimwamkia Bi Mejumaa, tukaulizana hali mpaka zikaisha, kisha nikamwomba tu kwamba miti hiyo mitatu isipulizwe salfa mwaka ule. Alikubali kabla sijamaliza. Tukamhamishia mtoto chumba cha mbele. Dirisha likafungwa alfajiri, nguo zake zikaanikwa ndani, na jioni akaoshwa uso na nywele kabla ya kulala. Akatumia ya kahawia kila siku bila kukosa. Msimu ule alipata chafya chache na hakulazwa hata mara moja. Mikorosho ya Bi Mejumaa ilishikwa na ukungu, maua yakawa meusi, yakapukutika. Hakuvuna kitu, wala sikumsikia akilitaja.

Mwaka uliofuata, jua kali la baada ya mwaka mpya, nilipita pale nikakuta uwanja una mwanga nisioujua. Mikorosho yote mitatu ilikuwa chini. Bi Mejumaa alikuwa amemwita fundi wa msumeno bila kumuuliza mtu. Alikuwa amekaa juu ya gogo mojawapo, anapanga matawi ya kuni.

"Baba aliniachia miti inifae, Sista," akaniambia. "Hainifai kitu ikiwa mtoto hapumui."

Nilikaa kando yake, tukamwita Hamadi. Halafu nikawaeleza yeye na Hamadi, kwa pole kadiri nilivyoweza, kwamba hilo ni jambo kubwa, lakini kijiji kizima ni mikorosho, na upepo hauna mpaka. Dawa ya kahawia iendelee kama kawaida. Hamadi akaitikia, "Inshallah, Sista." Mmeshakaa huku, mnajua. Mtu mwenye adabu habishani na mgeni uwanjani kwake. Anaitikia, na moyoni ana lake.

Miezi ile Riziki alikuwa mzima kabisa. Haukuwa msimu, lazima awe mzima, lakini nani angeliona hivyo? Kijiji kilimsifu Bi Mejumaa. Nasikia hata arusini wanawake walimsogezea kiti cha mbele. Hamadi hakuja kuchukua dawa. Nikatuma ujumbe. Nikajibiwa mtoto hajambo. Nikaenda mwenyewe, nikamkuta Riziki anaruka kamba, na Hamadi akanihakikishia kwamba dawa ipo na anavuta. Nilirudi zahanati nikiwa na wasiwasi, nikatuma ujumbe mwingine, nao nikajibiwa vile vile.

Ilikuwa Agosti, baada ya adhuhuri, walipomleta kwa pikipiki. Hamadi alikuwa amempakata baina yake na dereva. Riziki hakuwa analia wala kusema. Mabega yalipanda na kushuka, na kifuani hapakuwa hata na ule mluzi wa pumu. Mnajua maana ya kifua kilichonyamaza. Asubuhi nzima wenzake walikuwa wanacheza chini ya mikorosho ya shule, naye alikuwa pamoja nao. Hamadi alikuwa ameishika ile chupa. Niliichukua, ikanuka mafuta ya taa. Walikuwa wakiitumia kumiminia taa, tundu la kitako juu na shingo chini. Yale macho mawili na mdomo unaocheka vilikuwa bado vinaonekana.

Nilitumia chupa yetu na dawa yetu, yote tuliyokuwa nayo, tukapata gari, nikapanda naye kuelekea hospitali kubwa. Alikuwa ameniegemea, ameshika kola ya sare yangu. Hatujafika lami, mkono ule ukaachia. Niliendelea kumbonyeza kifua mpaka tulipofika, ijapokuwa nilijua. Kisha nikalia mbele ya babake. Bi Mwaka alinifundisha kwamba muuguzi halii mbele ya wafiwa. Katika mengi aliyonifundisha, hilo peke yake sikulishika, na sijutii.

Siku chache baada ya maziko Hamadi alikuja zahanati, akakaa kwenye benchi mpaka wagonjwa wote wakaisha. Nilimwuliza bila hasira, kwa sababu hasira ilikuwa imeshaniishia, kwa nini aliiacha dawa. Alitazama mikono yake.

"Ningempaje mbele ya dada, Sista?" akasema. "Anakaa pale pale uwanjani, anatuona kila asubuhi. Amekata urithi wake wote kwa ajili ya mtoto huyu. Nami nimtoe mtoto nje, nimshikie chupa mdomoni? Si ningekuwa namwambia miti yako haikutosha?"

Nilitaka kumwambia kwamba angeweza kumpa ndani, kwa siri. Lakini nyumba yenyewe mnaijua, kukohoa tu kunasikika uwanja mzima. Na nilimwelewa. Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo, kwamba nilimwelewa. Hakumnyima mtoto dawa kwa ujinga, wala kwa uchoyo, wala kwa uchawi wanaosingiziwa watu wa vijijini. Alimnyima kwa heshima ya dada yake. Akaniomba kitu kimoja, kwamba Bi Mejumaa asilijue hilo maisha yake yote. Nikakubali, nanyi mnaosoma hapa mmeshikwa na ahadi hiyo hiyo.

Kwa hiyo wenzangu, mkienda nyumbani kwa mgonjwa wa mzio, tazameni dirisha, makuti, miti na jirani anayepuliza. Lakini tazameni pia nani ametoa nini kwa ajili ya mgonjwa huyo. Yuko aliyeuza mbuzi, yuko aliyefukuza paka, na yuko bibi aliyeacha kufukiza ubani kila Ijumaa. Mtu huyo ndiye mumpe dawa aishike. Mwambieni alichokitoa ni nusu, na nusu ya pili iko mkononi mwake. Mimi nilifanya hivyo miaka yangu yote iliyobaki, na nyumba niliyofanya hivyo haikuacha dawa. Sijui kitabu kinachoyasema haya. Yangekuwa chuoni, tungeyasoma kwa ajili ya mtihani na kuyasahau.

Nilikwenda kumpa pole Bi Mejumaa arubaini ilipokwisha. Nilikuwa nimekawia kwa makusudi, nikiogopa. Alinikaribisha kwenye mkeka mbele ya kijumba chake. Uwanja ulikuwa mweupe kwa jua, na pale nyuma ya nyumba visiki vitatu vilikuwa vimeanza kuchipua majani. Tuliulizana hali. Akauliza wanangu, akauliza shamba la Shimba Hills, akauliza mgongo wangu. Kisha akajisogeza karibu, na nikajua limefika.

"Nataka kukuuliza, Sista, na unijibu kweli," akasema. "Mwaka ule wa kwanza ulipokuja, uliniomba nisipulize salfa. Hukuniomba nikate. Mimi nikangoja msimu mzima. Niliionea huruma miti. Ningeikata siku ile ile, Riziki angekuwa hai?"

Nilimtazama usoni. "Hapana, Bi Mejumaa. Ungeikata siku ile, ungeikata baadaye, ingekuwa vile vile. Si miti yako iliyomwua."

Nilimjibu alichouliza, na kila neno lilikuwa kweli. Yaliyobaki niliyameza. Aliinamia ukindu wa mkeka, akawa anaulaza kwa kidole.

"Kwa hiyo niliikata bure," akasema.

Niliinamisha kichwa, kwamba ndiyo.

Akavuta pumzi, ndefu, ya kwanza niliyomwona akiivuta tangu nifike.

"Alhamdulillahi," akasema. "Afadhali iwe bure, kuliko iwe nilichelewa."

Hamadi alikuwa amesimama mlangoni kwake, na yote ameyasikia: lile aliloogopa dada yake aambiwe, dada amelishukuru. Tulitazamana mara moja, kisha akageuka akaingia ndani.